Mapafu ya Mjomba Yoram

Nguruwe wa Enelika alipokata kamba na kushika njia ya mlimani, watu wa Ihelelo walifanya wanachofanya siku zote: walisimama, wakashika viuno, wakaanza kubishana atakamatiwa wapi na nani. Walitajwa vijana watatu na mbwa mmoja. Hakuna aliyemtaja Yoram Tweve.

Yoram alikuwa na miaka sitini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia chini ya ardhi akichimba makaa ya mawe. Siku ya kustaafu mgodi ulimpa saa ya mkononi na kifua kilichojaa vumbi. Saa ilikufa kwanza. Tangu hapo Yoram alikuwa mtu wa kupumzika katikati ya sentensi. Akianza kukupa salamu ya "kamwene" ukiwa mlangoni, ungeweza kuvua viatu na kuvuta kigoda kabla hajafika mwisho wake. Kutoka kitandani hadi kwenye mianzi aliyogema pombe yake ya ulanzi ni hatua mia mbili, naye alizigawa katika vituo vinne, kila kituo na jiwe lake la kukalia.

Mzee huyohuyo sasa alikuwa anapanda mlima mbio. Alimpita kijana wa kwanza, akampita wa pili, mbwa akaona aibu akarudi. Nguruwe alidakwa mguu wa nyuma mbele ya geti la Kituo, akatupwa begani kama shati la kufuliwa, na Yoram akageuka kushuka huku akipiga mluzi.

Mluzi ndio uliomtisha Bitrida.

Bitrida Chaula alikuwa mtunza kundi wa Kituo cha Minyoo, na mama yake alikuwa dada wa Yoram, tumbo moja. Alikuwa amesimama getini na ndoo ya maziwa mkononi. Mbio alizielewa; hasira inaweza kumkimbiza hata maiti. Lakini mluzi ni pumzi ya ziada, na mjomba wake hakuwahi kuwa na ziada ya chochote, sembuse pumzi.

"Mjomba, kaa chini nikusikilize."

"Nimekaa miaka kumi na moja, mpwa wangu. Makalio yameomba talaka."

Alikaa hata hivyo, nguruwe mapajani. Bitrida akatoa sikio lake mfukoni. Sikio ni kisahani cha ukubwa wa kifuniko cha birika. Ukikibandika kifuani kinasikia mnyoo akijikunja, kupitia shati, ngozi na mbavu. Kwa ng'ombe wake aliozoea kuwasikiliza kila asubuhi, sauti ilikuwa kama manyunyu juu ya bati.

Maana pale Ihelelo kilichofugwa hasa hakikuwa ng'ombe. Zamani minyoo ya mapafu iliua ndama wa nyanda hizi za baridi kwa kikohozi, na babu zetu waliilaani kwa lugha tatu. Kisha wataalamu waliichukua, wakaifundisha vizazi na vizazi kula vumbi la makaa na kuacha ute unaolainisha kovu. Mnyoo anaishi katika bomba la hewa la ng'ombe anayevutishwa vumbi la makaa, na kutaga humo. Ng'ombe anakohoa, anameza, na vitoto vya minyoo vinatoka na mavi. Kazi ya Bitrida ilikuwa kuvichuja vitoto hivyo na kuvipitisha chini ya taa inayounguza uzazi wao. Wachimbaji hupewa kumi na wawili kila mtu, ndani ya kijiko cha uji. Minyoo hao hufagia kifua kwa miezi minane, kisha hufa tasa, bila mrithi. Ng'ombe walikuwa kumi na mmoja. Wachimbaji waliokuwa wakingoja zamu walikuwa elfu nne, na Yoram alikuwa wa elfu tatu na mia sita na kitu.

Kwa hiyo kifuani kwa Yoram palipaswa kuwa kimya. Bitrida alisikia mvua. Si manyunyu, mvua ya masika, na chini yake sauti nyembamba, kama mchele unaomiminwa. Aliijua sauti ile. Ni ya watoto.

Minyoo ilikuwa imezaa ndani ya mtu.

Alicheka kwa nguvu. Miaka kumi na tisa ya Kituo, taa, vichujio na vijiko vya uji, na hapa palikuwa na mzee aliyepona bila kupangwa foleni. Kisha akili ikamfikia, na kicheko kikabaki mdomoni kama mfupa.

"Mjomba," alisema, "umekula nini?"

*

Yoram hakuwa mwongo mzuri, ila alijitahidi. Kwanza alitaja maombi, kisha mizizi, halafu hewa ya mwezi wa tatu. Bitrida alipomwambia kwamba yote hayo anaweza kuyapima, mjomba alikuna kichwa na kutangulia kwenye mianzi yake, hatua mia mbili bila kituo hata kimoja, akiyapita mawe yake manne pasipo kuyaangalia, kama mtu anayewakwepa wadai.

Harufu ilimfikia Bitrida kabla ya macho. Chini ya kila shina la mwanzi palikuwa na chungu ya samadi, nyeusi, yenye afya.

Mwezi wa kwanza tanuri la Kituo liliharibika siku tisa. Sheria inataka kila kinyesi cha kundi kichomwe mpaka kiwe jivu, lakini tanuri lilipokufa kinyesi kilirundikana nyuma ya ua kikingoja fundi. Sasa hebu mwambie Mkinga anayelima viazi kwenye mteremko kwamba samadi ya ng'ombe kumi na mmoja wanaolishwa vizuri itachomwa. Ni sawa na kumwambia achome shamba, na mkewe ndani yake. Yoram aliwaomba majirani, majirani wakaja na matenga, na fundi alipofika alikuta uwanja umefagiliwa, akadhani watu wa Kituo ni wasafi kupita kiasi.

"Uliiba samadi ya serikali," Bitrida alisema.

"Niliiokoa. Ilikuwa inaenda motoni, hiyo."

Bitrida alipiga magoti. Jua la asubuhi lilikuwa limeanza kupenya, na juu ya samadi aliviona vijiyoga, maelfu, virefu kama ukucha, kila kimoja na kichwa kinachong'aa kama tone la maji na kofia nyeusi juu yake. Vyote vilikuwa vimeinamisha shingo upande mmoja, kuelekea kwenye mwanga, kama waumini. Alivijua kutoka vitabuni. Vitoto vya minyoo, visivyoweza kutembea hata hatua moja ya kuku, hupanda kwenye kijiyoga, hujilaza juu ya kofia, na kungoja. Kijiyoga hujaa maji, hujaa, hujaa.

Tik.

Kitu kilipita karibu na shavu lake na kugonga jani la mwanzi. Tik, tik-tik. Kofia moja iliruka urefu wa mtu mzima na abiria wake wote.

"Nilidhani ni wadudu," Yoram alisema, na kwa mara ya kwanza alipunguza sauti.

Bitrida alifuata upande ambao vijiyoga vilielekea. Huko zilining'inia mbeta, yale makopo ya mwanzi yanayofungwa kwenye chipukizi lililokatwa ncha ili ulanzi udondokee ndani. Wagema wengine huzifunga juu, wanakofika kwa kunyoosha mikono. Yoram alizifunga usawa wa kiuno, midomo wazi, kwa sababu kuinua mikono kulimmaliza pumzi. Kwenye ukingo wa mbeta ya kwanza Bitrida alihesabu kofia nyeusi kumi na saba. Ndani hakuhesabu.

Ikabaki kujua nani kanywa nini. Ulanzi uliokaa siku mbili tatu, ule mkangafu, unaua vitoto vya minyoo kama unavyoua heshima ya mtu. Walevi wa kijiji kwa hiyo walikuwa salama salimini. Walioumia ni watu wema. Ulanzi wa siku hiyohiyo, mtogwa, mtamu kama juisi, ndio unaonywewa na wajawazito, na wanakwaya, na wazee wa kanisa, na wachimbaji wastaafu ambao vifua vyao havihimili mkali. Wiki sita zilizopita, ulanzi wa kwanza wa msimu ulipotoka, Yoram alionja mbele ya watu kama desturi inavyomtaka mwenye kinywaji, akathibitisha kwamba hauna neno, na kikombe kimoja kikazunguka uwanja mzima wa kanisa.

Kilikuwa kimepita pia mikononi mwa Bitrida. Alikunywa, akaomba tena.

Kwa siku nne sasa alikuwa akikohoa na kulaumu baridi. Alifungua vifungo viwili vya koti na kubandika sikio kwenye kifua chake mwenyewe. Mwanzoni alisikia moyo tu. Kisha akawasikia: watatu, labda wanne. Hawakutoa sauti ya mvua. Walikuwa wanakwenda huku, wanarudi, wanakwangua, wanahama, kama panya ndani ya ghala tupu.

Bitrida hakuwahi kushuka mgodini. Kifua chake hakikuwa na vumbi. Na mnyoo asiye na vumbi, hilo alilijua kwa ndama aliowazika, hula ukuta wa pafu.

Yoram alikuwa akimtazama usoni. Tabasamu lake liliondoka taratibu, bila kuaga.

*

Kufikia saa sita mchana alikuwa amesikiliza vifua sitini na kimoja vya walioshiriki kikombe kile, chake kikiwemo. Tisa vilikuwa na mvua ya masika. Wote ni wachimbaji wa zamani, na mmoja wao alikuwa juu ya paa akipigilia bati wakati anapimwa, akagoma kushuka. Vilivyobaki, hamsini na viwili, vilikuwa na panya. Mtoto wa Enelika wa mwaka mmoja na nusu alikuwa nao sita.

Dawa ya minyoo ya ng'ombe ilikuwepo stoo, dozi kumi na mbili tu, na hata hizo hakujua zitamfanyia nini mtoto. Njia ya uhakika ilikuwa redio. Angempigia Daktari Lwitiko, mkuu wa Kituo, mjini, na Daktari angerusha vipanga, zile ndege zisizo na rubani zinazopuliza ukungu wa dawa. Ukungu huo ukiuvuta mara moja, kila mnyoo kifuani anakufa. Tatizo ni kwamba haubagui. Sheria ya Minyoo ina mistari mingi, lakini wa kwanza unatosha: penye minyoo huru, kila pumzi inafagiwa. Panya watakufa. Mvua nayo itakatika, na vumbi lililobaki litaganda upya. Daktari aliwahi kumweleza kwamba kovu lililolainishwa nusu likiachwa hukaza maradufu. Yoram hangerudi kwenye mawe yake manne. Hangefika hata la kwanza.

Redio ilikuwa mezani. Bitrida aliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliye baina yake na mlango. Kisha akatoka, akaenda kumtafuta mjomba, kwa sababu katika jambo lile zima, kuanzia tanuri hadi kikombe, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuulizwa.

Alimweleza yote. Hakumpunguzia kitu, wala kumwekea sukari. Yoram alisikiliza, akavuta pumzi moja ndefu, akaishikilia ndani kama mtu aonjaye mchuzi, akaiachia.

"Mtoto wa Enelika anao wangapi?"

"Sita."

"Piga redio," alisema. "Ila uniambie watafika saa ngapi. Nina mambo ya kufanya na pumzi hii."

Daktari Lwitiko alikuwa mwanamke wa maneno machache na hofu nyingi, na siku hiyo alitumia zote. Vipanga vingefika saa kumi. Bitrida aliambiwa afunge visima, akusanye watu uwanjani, awaonye kwamba watakohoa minyoo mifu siku tatu na itauma kama mapenzi ya kwanza. Mianzi na samadi vichomwe leo hii. Na kundi la Kituo libaki ndani ya ua, hereni masikioni; vipanga vimefundishwa kukiacha chochote chenye hereni ya Kituo, maana kuifagia mbegu ni kuwaua wachimbaji elfu nne.

"Chochote?" Bitrida aliuliza.

"Chochote. Havijui kusoma sura, vinasoma hereni."

Kupitia dirisha aliona uwanja wa mpira. Wazee tisa walikuwa wamevua makoti. Walikuwa wanashindana mbio, goli hadi goli, wakianguka, wakitukanana mama zao waliokufa zamani, wakiinuka, na kuanza tena. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pembeni kikiwashangilia, nusu yao wakikohoa. Yoram alikuwa wa pili na alikuwa anadai mshindi ameanza mapema.

Droo ya meza ilikuwa na koleo la hereni, na hereni mpya kumi na tano.

*

"Hapana," Bitrida alisema, ingawa yeye ndiye aliyelileta wazo la kuwavisha wazee hereni. Lilipotoka mdomoni mwake na kusimama mbele ya watu, alilichukia.

Aliwasomea sheria ile. Chenye hereni ni mali ya Kituo. Kinalala ndani ya ua. Hakitoki nje ya geti bila kibali, hakichangii chombo cha maji wala cha chakula na asiye na hereni, na kinyesi chake kinaingia tanurini. Hereni haivuliwi; ikivuliwa, kipanga kinakuja chenyewe. Na chenye hereni kikizeeka kupita faida, mkuu wa Kituo anaweza kusaini kiondolewe kundini. Hakuwaeleza neno "kiondolewe" lina maana gani. Wote walikuwa wamefuga.

Wachimbaji walitazamana. Mmoja aliuliza kama watapewa chumvi ya kulamba. Mwingine alitaka kujua kama ng'ombe wanaruhusiwa kutembelewa na wake zao, na mkewe akajibu kutoka nyuma kwamba itategemea maziwa. Watu walicheka na kukohoa. Saa tisa na nusu ilikuwa imeshapita.

Yoram peke yake hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya mpwa wake.

"Kikombe," alisema. "Sitaonja tena mbele ya watu?"

"Hutaonja, mjomba. Wala harusini, wala msibani. Chakula chako kitapita juu ya ua."

Hilo lilimwingia. Mgema asiyeweza kumpa mtu kikombe ni nini? Alisimama muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama katika miaka kumi na moja, akiangalia moshi unaopanda kutoka kwenye mianzi yake, ambayo aliitia kiberiti kwa mkono wake mwenyewe saa nane.

"Mimi nimekuwa ng'ombe wa mgodi miaka ishirini na miwili," alisema hatimaye. "Nako hakukuwa na majani. Na hao elfu nne wanaongoja, nikikohoa mimi si watapata?"

"Watapata." Bitrida alijibu upesi. Hesabu alikwisha kuipiga: watu tisa, minyoo waliokwisha kuzoea kifua cha mtu, foleni ya miaka ingekuwa ya miezi. Ndilo lililomtisha zaidi. Wazo baya angeweza kulikataa. Hili lilikuwa zuri, na lilihitaji atoboe sikio la kaka wa mama yake.

"Lakini wakiona inafaa," alisema polepole, "watataka na wengine. Hawatawauliza kama ninavyowauliza."

"Basi sisi uliotuuliza tuanze," Yoram alisema. "Toboa. Kushoto, la kulia linasikia vizuri."

Angani, upande wa mjini, ulisikika mvumo.

Koleo la hereni lina sauti moja tu, kavu, kama kufunga sanduku. Bitrida aliisikia mara tisa. Wa kwanza alikuwa mjomba wake, naye hakupepesa jicho, ila mkono wake ulishika mkono wa Bitrida, ukaukamua. Hereni ya tisa ilipokuwa bado inadondosha damu, vipanga vitatu vilitokea juu ya bati la kanisa, vyepesi, vikishuka kwa utaratibu wa watu wa ofisini.

Ukungu ulikuwa mtamu, wenye harufu ya ganda la chungwa. Wenye panya hamsini na wawili waliuvuta pale uwanjani pamoja na kijiji kizima, Enelika akimpulizia mwanawe usoni ili afungue kinywa. Bitrida aliuvuta mpaka mwisho, na kabla hajahesabu ishirini alihisi panya wanne kifuani wakisimama. Kisha kikohozi kikampiga magoti. Machozi yakimtoka, aliona kipanga kimoja kikielekea kwa wazee waliosimama mstari penye geti. Kilisimama juu ya Yoram. Taa yake ikawaka njano. Yoram alikiangalia bila kupumua, mtu ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa na pumzi ya kuzuia.

Taa ikawa kijani. Kipanga kikapita.

Redio, ambayo Bitrida alikuwa ameichomeka kiunoni, ilikoroma. Daktari Lwitiko alisema vipanga vimemletea idadi ya kundi na anaona kuna kosa. Yeye alijua ng'ombe kumi na mmoja.

"Ishirini," Bitrida alisema, akikohoa.

Daktari aliuliza: "Wamezaa?"

"Wamehamia, Daktari. Kwa hiari yao. Nina majina yao."

Bitrida alisikia kalamu ikigongwagongwa mezani, mbali kule mjini. Kisha Daktari akasema kwamba vipanga havisomi sura lakini yeye anasoma, na kwamba keshokutwa atakuja mwenyewe kulikagua kundi. Hakusema anakuja na nini. Redio ikakata.

Jua lilikuwa bado juu, lakini sheria ya ua ni saa kumi na moja kamili. Wazee waliingia mmoja mmoja, wakiinama kwenye geti lililotengenezwa kwa kimo cha ng'ombe, wakisukumana, wakibishana nani atalala karibu na nani. Yoram aliingia wa mwisho. Aligeuka, akataka kusema neno la utani, Bitrida aliliona likija usoni pake. Halikufika. Akavuta pumzi tu, ndefu, nzima, mpaka mabega yakainuka.

Bitrida alivuta geti. Komeo lilikuwa upande wake.